Rosti Iliyotupatia Shamba la Kaptagat

Katika ujana wangu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote, kwamba ng'ombe hulalia ubavu wake wa kulia tu, tangu siku anayozaliwa hadi siku anayochinjwa. Kwa sababu hiyo, nyama ya upande wa kulia huwa ngumu kama mkanda wa askari, na ile ya kushoto, ambayo haijawahi kubanwa na kitu, huwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Wazungu, niliambiwa, hula upande wa kushoto pekee, ndiyo maana huzeeka na meno yao yote.

Msicheke bado. Aliyeniambia ni Wafula, mkata mifupa wa bucha niliyofanyia kazi, na Wafula alikuwa amefanya kazi katika bucha ya Wazungu hapa Eldoret kabla ya uhuru. Kwamba kazi yake kule ilikuwa kufagia, hilo hakulitaja. Aliniambia huku akikata kiuno cha fahali kwa msumeno, uso mkavu kabisa, na mtu anayekata mfupa huku anakuambia jambo ni vigumu sana kumbishia.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ya mjukuu wangu Wambui, anayekaa na mumewe Kiprotich mtaa wa Elgon View katika nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu. Majuzi alinipigia simu. "Guka, wazazi wa Kiprotich wanakuja kwetu kwa chakula cha jioni. Nataka kupika rosti ya ng'ombe, ile kubwa ya mezani. Nyama nzuri nitanunua wapi?"

Nikamwuliza kama anataka jibu fupi ama refu.

"Fupi, Guka. Niko kazini."

Sikuwa nalo. Ningemtajia duka, lakini duka huuzwa, hupakwa rangi mpya, mwenyewe huzeeka na mtoto wake akaanza kuuza simu. Mimi mwenyewe nimeona bucha nne zikiwa kitovu cha dunia na leo sijui hata kuta zake zilikuwa wapi. Basi nimeamua kumwandikia jibu refu, na nyinyi wengine mlio na rika lake mkisoma juu ya bega lake sitakataa.

Nilifika Eldoret nikitoka Nyeri, miaka ile bendera ilikuwa bado mpya na kila mtu aliyekuwa na shati mbili alikuwa katika shirika fulani la kununua shamba. Mchana niliuza nyama. Jioni nilisoma katika ukumbi wa kanisa, darasa la watu wazima, ambako mwanafunzi aliyeketi mbele yangu alikuwa na wajukuu. Nilipopata cheti nilikiwekea fremu nikakitundika juu ya mizani ya bucha. Mteja akilalamika kwamba amepunjwa, nilimwonyesha cheti. Wakanipa jina Profesa, nami nikaliitikia kama mtu aliyebatizwa nalo.

Mwenye bucha alikuwa Mzee Hassan, Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, mrefu hivi kwamba ndege walikuwa wakimwomba ruhusa ya kupita. Bucha ile aliinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao, na kitu cha thamani kuliko vyote alichoachiwa ni chumba cha baridi huko nyuma, chenye mlango mzito kama wa benki na ndoano zilizopangwa kwenye reli. Ukiacha ile ya Wazungu, bucha nyingine mjini hazikuwa na chumba kama hicho. Sisi tulikuwa nacho na hatukujua sana la kukifanyia, zaidi ya kuweka soda.

Kila nikumbukapo kazi, namshukuru mzee huyo. Siku ya kwanza alinitazama nikipasua mfupa kwa shoka, vipande vikiruka hadi barabarani, akaja akanishika mkono.

"Waryaa, Gitau. Wewe kwisha soma. Hii kisu bado hajasoma."

Akanifundisha kunoa, akanifundisha kufuata njia ya nyama badala ya kupigana nayo. Shoka huacha chembe za mfupa ndani ya nyama, na mgeni akiuma chembe moja tu, hatakumbuka kitu kingine cha chakula chako. Hadi leo, Wambui, ukimwona muuzaji anainua shoka juu ya nyama ya rosti, mwambie asante na uende duka linalofuata.

Mzee Hassan alinifundisha pia kwamba kazi ya bucha huanzia sokoni. Alikuwa akitembea kando ya ng'ombe, hatua kwa hatua, kama jamaa anayemsindikiza mgeni. Hakununua ng'ombe aliyetoka kukimbizwa. Akimnunua, alimpa maji, akamwacha atulie kivulini hadi kesho yake, ndipo amwite mchinjaji. "Ng'ombe ya hasira, nyama ya hasira," alikuwa akisema. Nilidhani ni maneno ya kidini. Kumbe ni kweli tupu: mnyama aliyechinjwa akiwa na hofu, nyama yake huwa nyeusi, inanata vidoleni, na hata ukiipika kuanzia Jumatatu hadi uchaguzi ujao haitakusamehe.

Yaliyobaki nilijifunzia kwenye kaunta. Tazama mafuta: yawe meupe yanayoelekea rangi ya siagi, na magumu. Yakiwa ya manjano kama papai lililoiva, huyo alikuwa nyanya wa ng'ombe, mpeleke kwa supu kwa heshima zote. Tafuta muhuri wa afisa wa afya, ule wa wino wa zambarau. Omba kipande kimoja kikubwa, kwa sababu rosti ndogo hukauka kabla hujapanga sahani. Kama mfuko wako una nguvu, chukua mbavu za mgongoni pamoja na mifupa yake, na kama una mfuko kama wangu, chukua nyama ya juu ya paja la nyuma, ifungwe kwa uzi wa pamba isitawanyike. Na umwulize muuzaji, "Huyu alichinjwa lini?" Akikujibu akikutazama machoni, kaa. Akitazama dari, toka.

Sasa turudi kwa ujinga wangu.

Siku hizo tulikuwa na wateja wa aina mbili. Wale wa kawaida, ambao ndio sisi sote, walitaka nyama ya leo. Ya leo kabisa, ikiwezekana iwe bado inashangaa. Ukimwambia mteja kwamba nyama ni ya jana, alikuwa anakutazama kama uliyemtukania mama, na kama ni ya juzi, angeenda kuambia mtaa mzima kwamba bucha ya Msomali inauza mizoga. Kisha kulikuwa na wateja wa rosti: walimu wakuu, watu wa benki, makarani wapya waliohamia nyumba za Wazungu na kukuta oveni ambazo walitaka kuzitumia. Hao nilikuwa nikiwahudumia mwenyewe, kwa sababu ya cheti. Na hao wote niliwauzia paja la kushoto.

"La kulia si hilo hapo? Mbona hunipi hilo?" mtu wa benki aliniuliza siku moja.

"Bwana," nikamwambia kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa kula upande wa kulia?"

Akaondoka na la kushoto, kifua mbele.

Basi tulipochinja fahali mzuri, paja la kushoto liliondoka siku hiyo hiyo. La kulia, kama wateja wa kawaida hawakulimaliza, kesho yake lilikuwa tayari ni nyama ya jana, hakuna anayelitaka. Nalirudisha kwenye chumba cha baridi, linaning'inia huko yatima pamoja na soda, hadi aje mtu wa mbwa, yule aliyenunua nyama ya kulisha mbwa wake.

Wakati huo nilikuwa nimejiunga na shirika letu la kununua shamba. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kariuki, mwenye duka la sukari na vitambaa, mtu mpole aliyeogopa vitu viwili tu: mkewe na Kiingereza. Nusu ya wanachama tulikuwa watu wa mjini. Nusu ya pili walikuwa wafanyakazi wa shamba lenyewe, watu waliozaliwa upande ule, waliokamua na kulima pale miaka yote. Shamba lilikuwa kule Kaptagat, karibu na msitu, na Mzungu wake tulimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko chake kilikuwa kikiingia chumbani kabla yake.

Mpishi wake alikuwa Mama Rael. Alimpikia tangu akiwa msichana. Nyumba yake ya udongo ilikuwa nyuma ya zizi, na watoto wake wote walizaliwa humo. Ikatokea kwamba mnunuzi mwingine akaja, tajiri, na gari lenye viti vya ngozi. Alimwambia Bwana Kiko analitaka shamba, ila analitaka likiwa tupu. Watu wote waondoke, na nyumba zao zivunjwe kabla ya mvua. Alitaka miti, si ng'ombe wala watu.

Bwana Kiko hakuwa amemjibu. Alimwambia Mzee Kariuki aje na wenzake wawili, Jumamosi, wale naye chakula cha jioni, ndipo aseme lake. Alikuwa ameshauza ng'ombe wake karibu wote na vyombo viko ndani ya masanduku. Mama Rael akatuma ujumbe mjini.

Alikuja mwenyewe bucha, kwa kweli, akisingizia chumvi. Akasimama kando ya kaunta hadi wateja wakapungua.

"Gitau. Mimi namjua huyu mtu. Akila vibaya, hata salamu hasikii. Akila rosti ya sawasawa, anakaa hivi," akaegemea nyuma, mikono tumboni, "na ukimwomba kitu, anafikiria kama mtu. Likizo yangu yote niliomba baada ya rosti. Sasa kwa shamba hakuna nyama. Wewe ni mwanachama. Uniletee paja ya rosti. Nzuri kabisa. Usiniletee mchezo."

"Mama Rael," nikasema, "nitakuletea nyama ambayo Malkia mwenyewe angeomba ya kufungiwa."

"Malkia wachana naye. Mimi nataka kubaki kwangu."

Mnaona jinsi mzigo ulivyonijia. Sikulala vizuri. Jumamosi alfajiri nilisimama mwenyewe wakati mchinjaji akifanya kazi yake, fahali mweupe mwenye nundu kama mlima, ametulia, ameshiba maji. Nikachukua paja la kushoto kabla halijapoa, nikalifunga kwa kitambaa safi, nikaomba pikapu ya Mzee Hassan. Barabara ya Kaptagat ilikuwa imenyeshewa hivi kwamba mara moja gari liliteleza likageuka likatazama Eldoret, nami nikalifafanulia kwa upole kwamba bado hatujafika.

Mama Rael alikuwa jikoni anapanga kuni. Nikaliweka paja mezani, nikafunua kitambaa kama mtu anayefunua sanamu.

Akaweka kidole gumba juu ya nyama. Akakiondoa. Akakiweka tena mahali pengine.

"Gitau, hii kitu bado ina joto."

"Ndiyo, Mama! Ya leo leo!"

"Asubuhi hii ng'ombe ilikuwa inakunywa maji."

"Na ni ya kushoto."

"Kushoto ya nini?" Akaniangalia kidogo, akaamua sina homa. "Sikiza. Hii ni ya supu. Wacha hapa, watu wa nyumba watakunywa. Sasa panda hiyo gari, rudi mjini, uniletee nyama ya rosti."

"Lakini hii ni..."

"Gitau!" Sauti yake ikapanda, kisha akaishusha, akashika pindo la leso yake. "Mimi sina wakati ya kukufundisha leo. Nikimpatia huyu mtu hii nyama, atatafuna mpaka hasira impande. Halafu atasema na nani? Na Kariuki anayetetemeka? Nenda."

Nilikwenda. Sijui kama magurudumu yaligusa ardhi.

Kwanza nilikimbilia bucha ya Wazungu, ile aliyofagia Wafula, nikijiambia kwamba kama kuna rosti duniani iko pale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Mwenyewe alikuwa ameuza akaondoka, na ndani, kupitia kioo, niliona ndoano tupu na paka mmoja aliyekuwa anangoja ahadi fulani. Nikaenda jikoni kwa hoteli kubwa. Mpishi mkuu, jamaa yangu wa darasa la jioni, akanionyesha friji yake: soseji, na tena soseji. "Profesa," akasema, "si wewe ndiye unayetuuzia nyama? Sasa unakuja kuinunua kwetu?"

Nikarudi bucha kwetu nikiwa nimeloa. Wafula akaniona.

"Imekuwaje? Mzungu amekufa?"

"Wafula, tuna nini huko nyuma?"

"Soda. Na lile paja la kulia, nimeahidi mtu wa mbwa."

Nikafungua mlango ule mzito. Lilikuwa pale pale nilipolitundika, siku nyingi zilizopita, fahali wa wiki iliyotangulia au ile ya nyuma yake. Kwa nje lilikuwa limekauka na kuwa jeusi kama ngozi ya kiatu. Nikalishusha. Nilikuwa naona haya hata mbele ya soda.

Wafula alishika kichwa. "Utaua mtu kabla hajatia sahihi! Na ni la kulia!"

Mzee Hassan akaingia, akatukuta tunabishana juu ya nyama kama mawakili. Akainama, nako kuinama kwake kulichukua muda, akalinusa paja upande mmoja, akalinusa upande wa pili, akalibonyeza kwa kidole.

"Beba," akasema.

"Mzee, lakini..."

"Beba! Gari ikizima, beba na kichwa."

Nilidhani ananihurumia. Njia nzima kwenda Kaptagat nilitunga hotuba ya kuomba msamaha, kwa Kiswahili sanifu, na aya tatu. Nilipofika sikufunua kitambaa mimi. Nilisogeza tu mzigo mezani nikasimama karibu na mlango, mguu mmoja nje.

Mama Rael akafunua. Akanusa. Akachukua kisu chembamba, akakwangua lile gamba jeusi kama mtu anayevua koti, na chini yake kukatokea nyama nyekundu iliyokolea, iliyotulia, mishipa ya mafuta ikipita ndani yake kama vijito. Akabonyeza kwa gumba. Alama ya kidole ikabaki pale.

Akaniinulia macho.

"Na hii mlikuwa mnaificha nani?"

Nikarudisha mguu ndani.

Wambui, hapa chukua kalamu. Alikausha nyama kwa kitambaa. Akaipaka chumvi, pilipili manga na haradali kidogo, akanyunyizia unga kidogo. Akaiweka katika stovu iliyowaka kwelikweli, ikashika rangi. Kisha akatoa kuni, moto ukapungua, ikaiva taratibu na viazi pembeni vikinywa mafuta yake. Akawa anachota mchuzi na kuimwagia mgongoni. Ilipokuwa tayari aliitoa, akaifunika kwa kitambaa, akavuta kigoda akaketi. Mimi nikapandwa na wasiwasi, nikaona mama wa watu amekata tamaa.

"Mbona hupeleki? Wanangoja!"

"Inapumzika. Na wewe pumzika, unanichosha."

Ukiikata ikitoka motoni, maji yake yote humwagika kwenye sahani. Iache itulie, kisha ikate kwa kukingama na nyuzi zake, vipande vyembamba. Hayo ndiyo mambo ninayoyajua kwa jiko, na yote ni yake.

Kati ya jiko na chumba cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Tuliacha ufa mdogo, tukabanana pale, mimi na Mama Rael, sikio juu ya sikio. Wazee wetu watatu walikuwa wamekaa wima kama waliopigwa picha ya kipande cha kitambulisho. Mzee Kariuki alikata nyama yake, akaona ndani ni ya waridi, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ambayo ilisikika hadi mji wa Turbo: "Hii bado mbichi. Niombee ile ya pembeni iliyoungua."

Bwana Kiko hakusikia. Alikuwa anakula. Alikula kipande cha kwanza bila kuinua macho. Akala cha pili. Akaomba cha tatu, na Mama Rael akaingia nacho.

"Rael," Bwana Kiko akasema, kwa kile Kiswahili chao, "nyama hii natoka wapi?"

"Ni ya hawa wazee, Bwana. Ni bucha ya mwenzao."

"Mimi nafikiri hapana mtu tena hapa mji naweza hii." Akawatazama wazee upya, kana kwamba ndio kwanza wameingia. Akaegemea nyuma. Mikono tumboni.

Mama Rael alikuwa bado amesimama na sahani. Haikuwa kazi yake kusema pale, hakuwa ameambiwa aseme, na wazee watatu waliotumwa kusema walikuwa wamekwama. Basi akasema yeye.

"Bwana, yule mwingine anataka tutoke. Hawa wanataka tukae. Mimi nimekupikia tangu sijaolewa. Nataka kukaa."

Nilisikia saa ya ukutani, nayo ilikuwa imeshafungwa ndani ya sanduku.

"Ndiyo," akasema Bwana Kiko mwishowe, polepole. "Wewe nakaa, Rael. Jumatatu sisi naenda kwa wakili." Kisha akamsukumia Mzee Kariuki kile kipande cha pembeni kilichoungua, kumbe alikuwa amesikia.

Mama Rael akarudi jikoni, akaweka sahani, akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa leso. Mimi nilikula mabaki yote ya paja lile peke yangu, na mfupa, na nadhani kitambaa pia.

Najua mtasema shamba halinunuliwi kwa rosti. Kulikuwa na mikopo, vikao, safari za Nairobi, watu waliouza baiskeli zao. Ni kweli. Lakini siku ile uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja aliyeshiba, na mimi niliushuhudia kwa sikio langu. Nyumba ya Mama Rael haikuvunjwa. Nami ninaandika haya nikiwa kwenye kipande changu cha shamba hilo hilo, na kila nikiona moshi ukitoka jikoni kwao asubuhi, nasema asante kwa sauti, hata mbwa wangu wamezoea.

Sasa, mtu mwenye cheti alijifunza nini siku ile? Alijifunza kwamba Wafula aligeuza maneno. Kwamba ng'ombe hulalia upande wa *kushoto*, na nyama laini ni ya kulia. Nilikwenda hata zizini kuhakikisha. Nilikuta ng'ombe mmoja amelala, amelalia kushoto, nikarudi mjini na ushahidi.

Nikaandika kwa chaki juu ya ubao: ROSTI NI UPANDE WA KULIA TU. Kuanzia hapo kila paja la kulia la fahali mzuri nililiingiza chumba cha baridi, nikalitunzia wateja wa rosti, ambao nao waliagiza mapema, harusi ikiwa bado wiki na zaidi. La kushoto nilikata nikauza siku hiyo hiyo. Na jamani, rosti zetu zikasifiwa! Watu walitoka Kitale, walitoka Kapsabet. Mwalimu mkuu mmoja alisema alilia. Kila sifa iliyokuja niliihesabu kama uthibitisho, na Mzee Hassan alikuwa akipita mbele ya ule ubao, anausoma, anatikisa bega moja, anaendelea na safari yake ya kununua ng'ombe. Biashara ilikuwa inaenda vizuri, kwa nini aiharibu?

Miaka ikapita. Binti mkubwa wa Mama Rael akapata mchumba, na mama mwenyewe akaja bucha, sasa akiwa mwenye shamba, kofia kichwani, na hakusingizia chumvi. Alitaka mapaja mawili ya rosti kwa wakwe. Wiki hiyo mvua zilikuwa zimefunga barabara, wateja hawakufika, na kwenye reli palikuwa na mapaja mawili ya fahali mmoja, la kulia na la kushoto, yakining'inia bega kwa bega tangu muda mrefu. Nikamshushia la kulia kwa mbwembwe. La kushoto nikalikatalia katakata.

"Mama, hilo siwezi kukuuzia wewe. Ngoja nichinje mwingine."

"Lina nini?"

Nikamweleza. Yote, na ng'ombe wa zizini, na ubao. Wambui, nawe pamoja na wengine wote mtakaoniuliza mnunue wapi, jibu lenu nililetewa pale kaunta. Mama Rael hakucheka. Aliliendea paja la kushoto, akaweka gumba lake juu yake, akalitoa, alama ikabaki.

"Gitau," akasema, "ng'ombe inalala upande inataka. Ile nyama ya Bwana Kiko ilikuwa laini kwa sababu mliisahau kwa baridi zaidi ya wiki. Nyama ya rosti inanunuliwa kwa mtu anayeiacha ining'inie, kulia ama kushoto. Sasa nipimie yote mbili."